Safari Tatu na Nusu

“Mama Kadi, hebu tuamulie wewe unayeshinda na ndege. Mtu akipanda kwenda, halafu akapanda kurudi, amepanda ndege mara moja au mara mbili?”

Aliyeuliza hivyo alikuwa Mama Pacha, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, Jumapili moja mchana, amesimama mlangoni mikono kiunoni. Alikuwa ametoka kumtazama binti yake aliyejifungua mji wa mbali, na huko alikwenda kwa ndege, mara ya kwanza tangu azaliwe. Tangu arudi mtaa ulikuwa haupumui. Nyuma yake alikuwapo mumewe, dereva mstaafu wa malori, kijiti cha meno mdomoni.

“Mara moja,” mume akadakia kabla Mama Kadi hajafungua kinywa. “Safari ni moja. Miaka thelathini nimekula barabara, kwenda na kurudi tunaandika safari moja. Mwambie asijitie urubani.”

“Safari moja sawa, lakini kupanda nimepanda mara mbili! Ile inaponyanyuka tumbo likabaki chini, mwenzangu, ilinipata kwenda, ikanipata na kurudi. Au ile ya pili ilimpata mama yako?”

Mama Kadi alicheka mpaka povu la sabuni likamrukia shingoni, maana alikuwa anafua sare yake ya kazi. “Mara mbili,” akasema. “Kwetu kila ikipaa na kutua tunahesabu moja. Ikienda ikarudi, hizo mbili.”

Mama Pacha akapiga kigelegele. Mumewe akatikisa kichwa. “Basi sisi wa malori tumepunjwa umri wetu wote,” akasema, wakaondoka wanabishana, na ubishi wao ukasikika mpaka walipofunga mlango wa kwao.

Mama Kadi akabaki ameshika kola ya sare, hafui. Safari ni moja. Kwenda na kurudi tunaandika safari moja. Neno hilo alikuwa amewahi kuliona mahali, limeandikwa kwa kalamu ya wino juu ya safu ya tarakimu, na tarakimu zile alizinakili kwa mkono wake mwenyewe. Akatafuta ni wapi. Alipokumbuka, aliiacha sare kwenye beseni, akakaa juu ya kindoo kilichofunikwa. Uchovu ulimshukia mabegani kama mtu aliyetwishwa mzigo wa pili kabla hajatua wa kwanza.

Karakana aliyofanyia kazi ilikuwa ya injini za ndege ndogo. Aliingia pale na ufagio, mwaka aliofiwa na mumewe, kwa kushikwa mkono na shemeji yake, mdogo wa marehemu, ambaye sasa ndiye Fundi Mkuu. Elimu yake ilikuwa darasa la saba, lakini mwandiko wake ulikuwa umenyooka kama mshono wa mashine. Karani wa kadi aliyekuwapo alipougua macho, wakamwambia yule mwanamke wa ufagio aje ajaribu. Alijaribu miaka tisa. Jina lake halisi likasahaulika. Akawa Mama Kadi.

Kadi zenyewe zilikuwa za diski. Ndani ya injini kuna vyuma vya duara, kila kimoja kama sinia nzito, vinavyoshika mapanga na kuzunguka kwa kasi isiyosemeka. Siku yake ya kwanza mezani, Mkaguzi alimkalisha akamweleza. Mafundi walimwita Mkaguzi huyo Bwana Hapana, kwa kuwa ndilo neno lililomtoka kwanza hata alipoulizwa kama ameshakunywa chai.

“Injini ina vitu vinavyougua,” alimwambia. “Bomba litavuja, beringi itapiga kelele, mafuta yatabadilika rangi. Hivyo vinakupa taarifa. Diski haiugui. Inang’aa leo, inang’aa kesho, keshokutwa inapasuka hewani, na ikipasuka inakata kila kilichopo mbele yake, chuma na mtu. Kwa hiyo hatuingoji iugue. Tunaihesabia. Kila mruko, yaani kupaa na kutua, ni mmoja. Kikomo kikifika tunaitoa, hata kama inang’aa kama kioo. Wewe ndiye unayehesabu. Ukikosea wewe, hakuna wa kukusahihisha, maana sisi wengine wote tunatazama chuma, na chuma hakisemi.”

Ikitolewa, diski hukatwa vipande vipande kwa grenda, asije mtu akaiona inavyovutia akairudisha kazini. Mama Kadi ndiye aliyesimama pembeni, miwani ya plastiki usoni, akishuhudia na kutia sahihi. Wageni walisikitika wakiona vyuma vizuri namna ile vinachinjwa. Yeye hakusikitika. Aliona ni sawa kitu kupumzishwa kabla hakijadhalilika.

Sheria nyingine aliijua vilevile, ingawa hakuna aliyemkalisha kumweleza. Mwandishi akibainika ameandika kadi ya diski vibaya, anaondoka mezani mpaka kadi zake zote zipitiwe upya. Karani aliyemtangulia, macho yake mabovu yalipomkosesha kadi moja, aliondoka hivyo, eti mpaka zipitiwe. Hakurudi.

Jumatatu alifika karakana kabla ya wenzake. Akasali sala yake fupi ya kila siku, kiganja juu ya meza, akafungua kabati la mafaili. Alilolitaka lilikuwa chini kabisa, la kampuni moja ya ndege mbili iliyokwisha kufa. Kampuni hiyo ilikuwa na karani wake mwenyewe, aliyeandika kila siku katika daftari la mistari la shule. Kampuni ilipouza ndege zake, daftari likaja na injini, na Mama Kadi, mwaka wake wa kwanza mezani, akahamisha hesabu za miaka mitatu kutoka kwenye daftari kwenda kwenye kadi.

Akafungua ukurasa wa kwanza. Juu ya safu ya pili, kwa wino wa buluu: Safari.

Jumatatu, 4. Jumanne, 3. Jumatano, 5, na pembeni pameandikwa kwa herufi ndogo, “kurudi tupu.” Akapitisha kidole taratibu. Neno tupu bado lingeweza kuwa na maana nyingine. Akafunua ukurasa mwingine, na mwingine. Ukurasa wa nane kidole kikasimama.

“3½. Ya mwisho mvua, tumelala huko.”

Na siku iliyofuata: “½. Kurudi.”

Alikikumbuka kile kinusu. Miaka tisa iliyopita alikiona, akacheka peke yake, akasema karani huyu naye, ndege itapaaje nusu? Tatu na nusu akaiandika nne. Nusu ya kesho yake akaiandika moja. Alifanya hivyo kila alipokikuta, na alijiona mwangalifu.

Kumbe yule karani alikuwa ameandika kama anavyosema kila mtu, kama asemavyo mume wa Mama Pacha. Safari ni kwenda na kurudi. Kila moja ya tarakimu zile ilikuwa miruko miwili.

Akavuta kalkuleta. Alihesabu siku moja moja, hakutaka kuzidisha kwa mbili tu na kumaliza. Kinusu akakipa mruko mmoja, palipolalwa akapaheshimu. Alihesabu mara mbili, mara ya pili kutoka mwisho kuja mwanzo. Miaka ile mitatu aliyokuwa ameiandika miruko 3,764 ilikuwa kweli miruko 7,490. Kwenye faili mlikuwa na kadi mbili, za diski mbili zilizoruka pamoja ndani ya injini ile miaka yote mitatu. Ya kwanza ilikuwa imegongwa muhuri wa KUKATWA. Ya pili ilikuwa ya diski iliyokuwa ndani ya injini iliyofungwa upya, inayongoja kutoka siku hiyohiyo saa sita kwenda kwenye ndege ya abiria kumi na tisa. Kadi yake ilisema imeruka mara 11,318. Kikomo ni elfu kumi na tano.

Alipoweka hesabu mpya mahali pa ile ya zamani, ilitoka 15,044.

Akakitazama kile kiarobaini na nne kwa muda. Akaondoa miwani, akaifuta kwa pindo la kanga, akaivaa. Kilikuwa palepale.

Mlango ukasukumwa. Shemeji yake aliingia na harufu ya mafuta, macho mekundu, ndevu za siku nne. Alikuwa hajapumzika hata Jumapili.

“Shemeji, umeamkaje? Naomba kadi za bibi harusi wetu. Gari la kumchukua liko njiani.”

“Nimeamka. Kaa kwanza.”

“Nikikaa sinyanyuki, nakwambia kweli. Siku kumi na moja mgongo umeinama. Lete kadi.”

“Kaa, shemeji.”

Akakaa. Mama Kadi akamgeuzia daftari, akamwonyesha kinusu. Hakumpamba maneno. Alimweleza kama anavyomweleza mtu kwamba nyumba ina nyufa: hapa, na hapa, na hapa. Fundi Mkuu alisoma “tumelala huko” mara mbili, akapumua kwa pua.

“Arobaini na nne,” akasema.

“Arobaini na nne.”

“Kati ya elfu kumi na tano. Shemeji, hiyo si hesabu, hiyo ni vumbi. Waliotengeneza wenyewe wameacha nafasi, unadhani hawajui? Na diski nimeitazama kwa macho yangu. Nimeipaka dawa ya kuonyesha nyufa, nimeimulika. Haina hata mkwaruzo, msichana mbichi kabisa.”

“Bwana Hapana alisema haiugui.”

“Bwana Hapana! Yule hata akiota anaota hapana.” Wote wawili walitaka kucheka, wakashindwa. Akainama mbele, sauti ikashuka. “Mwenzake je? Si zilikuwa diski mbili? Ile tuliyoikata mwaka juzi kwa sababu spana iliiangukia. Ilikuwa na ngapi?”

Mama Kadi alikuwa ameshalifikiria hilo. Kadi ile ilisema 12,960 siku ilipokatwa. “Kwa hesabu ya kweli,” akasema, “ilikuwa imepita elfu kumi na sita na nusu.”

“Unaona?” Akapiga goti lake. “Ilipita kwa elfu moja na nusu, na haikupasuka! Watu walikwenda, wakarudi, wakala, wakalala. Wewe unaniletea arobaini na nne?”

“Ile ilipita kwa huruma ya Mungu, shemeji. Haikupita kwa kadi yangu. Mimi Mungu siwezi kumpangia zamu.”

Fundi Mkuu akajifuta uso kwa kiganja, kikaacha mstari mweusi toka sikio hadi kidevu. Alikuwa anafanana na kaka yake akichoka. Mashavu yalimshuka vilevile. Mama Kadi akatazama pembeni.

“Sikiliza,” shemeji yake akasema. “Mimi sikuombi uandike uongo. Nakuomba kadi ilivyokuwa Ijumaa. Ijumaa ilikuwa safi. Nani amekutuma Jumatatu uanze kufukua madaftari ya kampuni iliyokufa?”

“Jirani.”

“Jirani gani?”

“Mama Pacha. Alipanda ndege.”

Fundi Mkuu alimkodolea macho. “Mama Pacha,” akarudia polepole, kama mtu anayetajiwa ugonjwa asioujua. “Mimi nimekesha na injini siku kumi na moja, halafu Mama Pacha kapanda ndege.”

“Ndiyo hivyo.”

“Na unajua nini kinakufuata? Meza hii utaiaga. Wewe si mgeni. Yule mzee wa kabla yako aliambiwa wiki mbili, mpaka leo anazihesabu. Mimi nilikuleta hapa. Nilipita kila ofisi nikisema huyu ni mke wa kaka yangu, ana mikono misafi, mpeni hata ufagio. Leo niingie ofisi hizohizo niseme nini? Na nyumbani? Mama ataniuliza, umemfanya nini mke wa ndugu yako. Nitamjibu nusu safari?”

Hapo palimchoma. Kuondoka kwenye meza ile alikuwa amekwisha kukupima tangu jana, juu ya kindoo. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, hana cheti, na duniani kote hakuna mahali pengine ambapo mwandiko ulionyooka ungemweka kitini. Meza ilikuwa na mkwaruzo upande wa kulia anapoweka kiwiko. Alikuwa amezoea kufikiria kwamba atastaafu kutoka kwenye mkwaruzo ule. Lakini mama mkwe hakuwa amemweka kwenye mizani.

“Mwambie mama nilikosea,” akasema. “Kukosea anakujua.”

“Kwa hiyo hunipi.”

“Kadi ya Ijumaa ilikuwa safi kwa sababu Ijumaa nilikuwa sijui. Leo najua. Nikikupa leo, naiandika upya kwa kukusudia.”

Fundi Mkuu alinyoosha mkono, akaishika kadi kwa pembe. Hakuivuta. Mama Kadi, aliyeshika pembe ya pili, naye hakuiachia. Walikaa hivyo, kila mtu na pembe yake, mpaka nje mtu akapiga honi ya gari la mizigo. Kisha Fundi Mkuu akaachia.

Mama Kadi akafungua droo, akatoa lebo nyekundu ya USITUMIE, akaijaza: namba ya diski, namba ya injini, tarehe, sababu. Kwenye sababu kalamu ilisita. Akaandika: “Miruko imehesabiwa pungufu. Kikomo kimepitwa.” Akaitia katikati ya daftari, akatoka, na shemeji yake akamfuata nyuma hatua chache, kama wanavyofuatana watu waliotoka hospitali.

Ofisi ya Bwana Hapana ilikuwa na madirisha mawili, moja halifunguki. Alikuwa anamenya yai la kuchemsha juu ya gazeti. Alipoona lebo nyekundu aliliweka yai chini, akafuta vidole kimoja kimoja, akasoma daftari. Alisoma kwa muda mrefu. Alipofika kwenye “tumelala huko” midomo yake ikacheza.

“Hapana,” akasema, lakini hakuwa anamwambia mtu.

Akapiga simu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kulirudisha gari tupu. Ya pili ilikuwa ya wenye ndege, na walisikika wakifoka hadi upande wa pili wa meza. Aliwaacha wafoke mpaka wakaisha. “Kikomo ni kikomo,” akawaambia. “Hakina arobaini na nne.” Akakata.

“Injini inafunguliwa leo,” akamwambia Fundi Mkuu. “Diski nyingine hatuna stoo. Itaagizwa.”

“Itachukua miezi.”

“Itachukua miezi.” Akamgeukia Mama Kadi, na sauti yake ikawa ya mtu anayejua kwamba anachotaka kusema hakina njia nzuri ya kusemwa. “Aliyehamisha hesabu ni nani?”

“Mimi.”

“Sahihi ni yako?”

“Ni yangu.”

“Unajua basi. Kadi zako zote za miaka tisa lazima zipitiwe, na hazipitiwi na wewe. Funguo za kabati na muhuri vibaki hapa.”

Mama Kadi akafungua pini iliyoshikilia funguo ndani ya mfuko wa sare, akaziweka juu ya gazeti, kando ya yai. Muhuri akauweka juu yake. Shemeji yake aliitwa atie sahihi ya kushuhudia makabidhiano, maana sheria inataka mikono miwili. Alitia sahihi ameinamisha uso. Kalamu ilichana karatasi kidogo mwishoni.

Bwana Hapana akachukua fomu ya maelezo, akaisogeza mbele ya Mama Kadi, akakohoa. “Kuna namna mbili za kuandika hapa,” akasema. “Unaweza kuandika kwamba daftari lilikuja na kosa. Kichwa cha safu kilipaswa kuandikwa miruko, karani wao kaandika safari. Hilo ni kweli pia. Kosa likiwa lao, kamati itakayopitia kadi zako inaweza kukutazama kwa jicho jingine. Sisemi itakurudisha. Nasema inaweza.”

Shemeji yake akainua kichwa haraka. “Andika hivyo,” akasema. “Shemeji, andika hivyo. Karani mwenyewe hayupo, kampuni haipo, humwonei mtu.”

Mama Kadi akalivuta daftari karibu. Akakitazama kinusu kwa mara ya mwisho, kilivyochorwa vizuri, kimstari katikati, moja juu, mbili chini. Mtu yule alikuwa hata akinyeshewa huko, amelala ugenini, haandiki nne kama hajarudi.

“Huyu hakukosea,” akasema. “Aliandika Kiswahili kama tunavyosema wote. Akaweka na nusu, ili atakayesoma aelewe. Mimi ndiye niliyeifuta nusu yake kwa kuwa sikuielewa, na sikuuliza.”

“Mama,” akasema Bwana Hapana kwa upole ambao haukusikika pale kila siku, “una hakika?”

Mama Kadi akaivuta fomu, akaandika kwa mwandiko wake ulionyooka: “Nilisoma vibaya. Daftari ni sahihi.” Akaweka tarehe, akatia sahihi, akaifunika kalamu kifuniko chake na kuilaza sambamba na ukingo wa karatasi. Shemeji yake alikuwa amesimama kati yake na mlango, mdomo wazi, mikono imening’inia. Akampisha njia. Mama Kadi akauchukua mkoba wake chini ya kiti, akaupachika begani, akatoka.